Kiriki Niliyoshinda Sange

Furaha mujukuu wangu,

Maman yako anakusalimia. Kuku wameangua, na paa ya jikoni ingali inavuja. Fundi anapita kila siku kusema kesho.

Sasa hii barua yako! Unasema poka, ule muchezo wa karata wa pesa, ni kazi, na mezani hakuna rafiki. Umemumaliza pesa yote mwenzako munayekaa naye chumba kimoja, hasemi tena na wewe, na unaniuliza kosa lako iko wapi. Aï, mutoto huyu!

Nilipokuwa dereva wa kamio, zile lori za mizigo, mvua ilikata barabara pale Sange. Siku mbili tulicheza karata. Dereva mwenzangu, Papa Zihindula, nilijua karata zake kwa kuangalia uso wake tu. Nikamushinda mpaka akanipa kiriki yake, ile chuma ya kuinulia gari. Nilijiona mufalme! Barabara ilipofunguka akatangulia. Mulimani, pale njia inatosha gari moja tu, tairi yake ikapasuka mbele yangu. Nani alilala ndani ya matope kuinua kamio yake? Mimi mushindi. Yeye alikaa juu ya jiwe, anakula ndizi.

Na wewe umechagua kumumaliza mutu mwenye munagawana naye ufunguo! Leo ukifika mulangoni na ufunguo uko kwake, piga hodi kwa adabu.

Koko yako, Muhumba