Yule Mama wa Kwenye Kompyuta

Mpendwa binti yangu Ciku,

Duka letu la River Road bado lipo, na mteja hatoki na ndoo yake ya rangi kabla sijamwambia kwamba programu ya hapa kaunta iliandikwa na mtoto wa mtaa wetu wa Satellite, mtoto wangu. Wengi hawajauliza. Nawaambia tu.

Unakumbuka siku ulipoimaliza programu hiyo, umekalia gunia la simiti, chai inapoa? Ulinieleza ndani yake kuna stoo ya habari, databesi, na kuna wasaidizi wadogo wadogo: huyu wa bei, huyu wa risiti, huyu wa mizigo ya kupelekwa. Nikauliza wanakaa wapi. Ukacheka.

"Wote nimewaweka mahali pamoja, Mum. Panaitwa Mama. Si kwetu kila kitu unaulizwa wewe?"

Mtaa mzima ulisikia habari hiyo.

Sasa nina wateja mpaka Kitisuru, watu wa kuletewa vitu mlangoni. Lakini nikiwapelekea ndoo moja, stoo inapunguza mbili. Nikamwita Otieno, yule mliyefanya kazi naye. Aliifungua programu, kisha akanieleza polepole, vile mtu huelezwa hospitalini. Msaidizi wa risiti anajiingilia kwenye databesi, wa mizigo naye anajiingilia, kila mmoja anapunguza bila kujua mwenzake ameshapunguza. Wanaogusa databesi wakae pao. Wengine wapewe namba tu, wapige hesabu.

"Mathe, huyu Mama amebebeshwa kila kitu," akasema. "Lazima tumgawe."

Nikamwambia Mama hajawahi kulalamika. Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Ningejua kusoma maandishi yale ningekutetea. Lakini niliishia darasa la saba, Ciku, na mtu akihamisha maneno ya mtoto wangu mstari kwa mstari, mimi najua kumwekea chai tu. Anasema kazi yako ni safi, ila ulikuwa na haraka. Haraka yenyewe sote tunaijua. Ulikuwa umeshaanza dawa za ule ugonjwa uliokuchukua.

Jana alimaliza. Ndoo zinahesabika sawa. Wasaidizi wote wamepata kwao, na Mama amebaki jina tu, ndani hamna kitu. Otieno akauliza kama alifute.

Nimemwambia angoje kwanza nikuulize.

Ni mimi, yule wa kuulizwa kila kitu,
Mama