Bibi Harusi Hapitwi

Lakini ile kamba hatukuifunga, Baba. Hapo ndipo nilipokomea Jumapili, nilipokaa peke yangu ndani ya gari lako hapa uani Chaani nikizungumza nawe kimoyomoyo, mpaka Kazungu akaja kugonga kioo kuniambia chai inapoa. Kazungu ni mume wangu. Mume wangu, Baba! Kila nikiliandika neno hilo kalamu inacheka. Nikaona afadhali nikuandikie yote tangu mwanzo, maana mazungumzo ya kimoyomoyo hukatizwa na kila mwenye chai.

Nimeolewa. Mimi, Wakesho wako, niliyeapa utotoni kwamba sitaolewa ila na mwanamume atakayekuwa akizunguka gari kunifungulia mlango kama ulivyokuwa ukimfungulia Mama. Najua, najua, mlango ule ulikuwa haufunguki kwa ndani. Lakini mimi nilidhani ni mapenzi. Na hata sasa, mtu mzima, bado nadhani yalikuwa mapenzi, kwa sababu wewe ulitengeneza kila kitu katika gari lile, na mlango wa Mama hukuutengeneza kamwe.

Kazungu unamjua, ila hukumjua kwa jina hilo la mkwe. Ni yule kijana wa Kirabai anayeendesha trela bandarini, aliyetukuta kule Shika Adabu, ng'ambo ya feri ya Likoni, siku chama chenu cha magari ya zamani kilipokwenda kunywa chai kwa Mzee Athumani. Aliinamia dirisha akashangaa kuona gia ziko kwenye usukani, ukamwambia, "Tazama, usiguse." Yeye alikuwa akitazama gia. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Ana vishimo mashavuni, Baba, akicheka huwezi kukumbuka ulikuwa ukisema nini. Nilipanga kukuambia Krismasi, tukiwa nyumbani Wundanyi, wewe umeshiba na umefurahi. Krismasi hukuifikia. Basi ukaondoka hujui kwamba yule uliyemkataza kugusa gia ndiye angekuja kuzishika.

Nikuambie habari za chama. Jumapili wanakutana palepale, kituo cha petroli cha Changamwe, watu wakishatoka kanisani na Waislamu wakishakunywa chai yao. Mzee Athumani bado ni mwenyekiti, na bado anakagua magari kwa fimbo kama daktari wa ng'ombe. Lakini hawapandi feri tena. Ile barabara ya Dongo Kundu uliyokuwa ukinipeleka kuitazama ikijengwa, sasa inatoka upande wetu mpaka Likoni moja kwa moja. Ulisema, "Siku hiyo nitavuka na dirisha wazi, nisione haya mbele ya mtu." Imefunguliwa, Baba. Daraja refu, upepo mtupu. Mara ya kwanza nilipovuka nilifungua dirisha nikalia mpaka nikaambiwa nimeingiwa na vumbi.

Maana feri ilitutesa. Unazima injini kama wanavyotaka, joto linapanda, petroli inachemka ndani ya mrija, na mkifika ng'ambo gari halitaki kuwaka. Watu mia wanapita kandokando wakicheka. "Mzee, hilo ni gari ama kabati?" Nawe unajibu bila kugeuka, "Ni kabati, lakini ufunguo ninao mimi." Ndipo siku ile Mama akachana leso yake, kipande kama cha kumfutia mtoto kamasi, akakichovya maji akakupa. Ukakifunga kwenye pampu ya petroli. "Ana homa tu," ukasema, "mtoto akiwa na homa hapigwi, huwekewa kitambaa." Gari likawaka. Tangu siku ile kile kitambaa kiliishi kwenye buti, na hakukuwa na safari bila kitambaa na chupa ya maji.

Ukampa gari jina Bibi Harusi. Jeupe, lina mwendo wa madaha, na chama chenu kina ile desturi kwamba gari lenye mwendo mdogo kuliko yote ndilo linalotangulia, na wengine hawaruhusiwi kulipita hata liwe linatambaa, ili asiachwe mtu nyuma. Wageni walidhani mnamtukuza mwenye gari zuri. Wewe ukawaambia, "Mnamwona huyu? Bibi harusi hapitwi." Nikikaa katikati ya kiti cha nyuma, nikigeuka kuyaona magari yote yametufuata kwa adabu, nilijiona binti wa mfalme.

Sasa nifike pale ninapoumia.

Ulitaka jambo moja tu kwa chama: kuwapeleka nyumbani kwenu Taita. Kupanda ule mlima kutoka Mwatate, kona kwa kona, Bibi Harusi mbele na wenzio nyuma, mpaka kwa mama yako, wale ndizi na kuona baridi. Kila Desemba mlipanga. Mwaka huu mvua. Mwaka ule kabureta ya fulani. Mwaka mwingine Mzee Athumani kakatazwa safari na daktari. "Mlima hauhami," mkawa mnaambiana, mnacheka, mnaagiza chai nyingine. Mlima haukuhama kweli. Wewe ndiye uliyehama.

Na ulivyopelekwa, Baba. Gari la maiti la kukodi, dereva mwenye miwani, ana haraka kwa sababu jioni alikuwa na msiba mwingine. Chama chote kilitoka Changamwe nyuma yako. Bibi Harusi alibaki hapa uani chini ya turubai, kwa kuwa wenzio kila mmoja alikuwa na gari lake, na nyumbani hakuna mtu uliyemfundisha zile gia, ulikuwa ukiniambia, "Ukimaliza shule," nikamaliza, ukaniambia, "Nikistaafu." Basi mimi na Mama tulikuwa mbele na wewe, na nikageuka kama nilivyozoea, nikayaona magari yametufuata mpaka Mariakani, kisha yakawa madogo, kisha hayapo. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Akasema, "Dada, marehemu hasubiri." Wewe! Wewe uliyesubiri kila mtu!

Walipofika Wundanyi tulikuwa tumeshaweka maua. Wazee wazima, vumbi mpaka kwenye kope, Mzee Athumani na kofia mkononi. Alisimama pale penye udongo mbichi akasema maneno machache tu: "Mwakio, leo umetupita." Halafu akakaa chini. Sijasahau, na sidhani nitasahau.

Tangu hapo, wakitoka Jumapili, mbele huacha nafasi ya gari moja. Hakuna anayeingia hapo. Matatu zikiingia wanazipigia honi. Mzee Athumani alisema nafasi itakaa hivyo mpaka nyumba ya Mwakio iseme imeachia.

Na nyumba ya Mwakio ilitaka kuachia. Usimlaumu Mama. Kila asubuhi akifungua mlango wa jikoni anaona turubai lina umbo lako. Akaja bwana mmoja wa hoteli, mpole, anataka Bibi Harusi akae langoni, injini itolewe, boneti ijazwe udongo ipandwe maua. Mama akasema maua ni mazuri kuliko kutu. Nililia, Baba. Kazungu alikuwa ameshaleta posa na siku ya ndoa imeshapangwa, nikamwomba Mama jambo moja, Bibi Harusi anibebe siku hiyo. Mama akachambua mchicha wote, ndipo akasema, "Sawa. Likikupeleka kanisani likakurudisha hapa kwa miguu yake, halitoki. Likivutwa kamba, linakwenda hotelini na sitaki kusikia kilio."

Ungemwona mkweo akijifunza! Mtu anayerudisha trela kinyumenyume kati ya makontena kama anayeingiza uzi sindanoni, alitolewa jasho na gari dogo. Akitafuta gia ya pili anawasha waipa. Mzee Athumani amekaa kando na fimbo: "Taratibu, mwanangu! Huyo si kontena, huyo mke wa mtu!" Watoto wa Chaani walikuwa wakiacha mpira kuja kumtazama. Hakukasirika hata siku moja. Jioni akaniambia, "Wakesho, nitajifunza mpaka nijue alivyokuwa akiendesha, si kuendesha tu." Nikuandikie nini juu ya mtu kama huyo, Baba? Nimpende vipi zaidi?

Siku yenyewe ikafika. Mzee Athumani ndiye aliyenipeleka kanisani, kwenye kiti chako, suti yake inanukia karafuu. Kazungu alinisubiri ndani. Nilipofika mlangoni mkono wangu wa kulia ulijiinua wenyewe, ukitafuta kiwiko chako, ukakuta hewa. Mama akaushika. Tukaingia hivyo.

Kurudi, mume wangu ndiye aliyeendesha. Chama chote nyuma, honi, vigelegele, mimi na shela langu nimebanwa mbele kwa furaha. Tukaikuta foleni ya malori kule kwenye matangi ya mafuta, jua la saa nane, magari hayasogei. Nikasikia ile sauti, ukikumbuka, kama mtu anayemeza mate. Mara injini ikazima.

"Homa," nikasema. "Kitambaa kiko kwenye buti."

Kazungu akanitazama. Uso wake ulibadilika. Jana yake alikuwa amelisafisha buti, amelipiga dawa ya kunukia, na lile tambara jeusi lenye mafuta alilitupa. Alidhani ni tambara.

Hapo utingo wa lori la jirani akaruka chini na kamba begani. "Bibi harusi, tuwavute? Zawadi ya bure hiyo!" Watu wakashangilia. Kamba ikawekwa juu ya boneti. Kazungu alikuwa na suti mpya na machozi, akiniambia, "Nisamehe, nisamehe," nami nikayaona yale maua ya hoteli.

Ndipo nikamwona Mama. Alishuka kwenye gari la nyuma, akatembea katikati ya malori na sare yake ya harusi, polepole, kama anayekwenda kupokea komunyo. Akamwambia utingo, "Mwanangu, toa kamba yako hapo." Akafungua leso kiunoni, ile mpya, ya siku yangu, akaing'ata ukingo kwa meno akaichana kwa mikono miwili. Baba, ile sauti ya kuchanika! Akaichovya kwenye ndoo ya mwuza maji, akampa Kazungu. "Funga," akasema. "Si hapo. Chini kidogo. Mwenzio alikuwa akifunga chini kidogo."

Mama alijua. Miaka yote hiyo alikuwa akikutazama mikono.

Tukasubiri. Kisha Kazungu akarudi ndani, akavuta choki, akaisukuma, akageuza ufunguo, na Bibi Harusi akakohoa, akakohoa tena, akawaka. Utingo yule alipiga magoti barabarani. Malori yaliyokuwa nyuma yetu, ya wenzake Kazungu na ya watu wasiotujua, yakaanza kupiga honi, na foleni ilipofunguka hakuna hata moja lililotoka kwenye mstari. Mpaka Chaani, Baba. Niligeuka nikatazama. Trela, matangi, magari ya chama, yote yametufuata kwa adabu.

Bwana wa hoteli amepelekewa salamu. Jumapili iliyofuata Mzee Athumani alitazama ile nafasi ya mbele, Bibi Harusi akaingia, naye Mzee akapiga fimbo chini mara moja tu, akageuka upande kujipangusa uso. Mimi nilikuwa nikicheka na moyo wangu unasema: kwa nini si yeye. Kila furaha ninayopata, Baba, inageuka kwanza kukutafuta. Kazungu amejua. Nikinyamaza ghafla haniulizi, ananishika tu kidole kidogo.

Ule mlango wa Mama alitaka kuutengeneza. Nimemkataza. Sasa anazunguka kunifungulia.

Basi sikiliza. Jana chama kimekaa kwa Mzee Athumani, na safari hii mtu aliposema mlima hauhami, alizomewa. Daktari amekataza tena, Mzee amesema wallahi atakwenda na daktari akipenda apande nyuma. Tunakuja Wundanyi kabla mwezi huu haujaisha. Mama anakuja, na leso yake iliyobaki nusu. Tutapanda kutoka Mwatate kona kwa kona, na kila kona tutasimama tumpoze homa. Mama yako anachemsha ndizi tayari.

Lala vyema, Baba yangu. Na siku hiyo tukichelewa, usidhani tumekwama njiani. Ujue Bibi Harusi yuko mbele.

Mwanao,
Wakesho