Kiplastiki cha Kushoto

4 Machi

Baba, shikamoo.

Habari za hapo nyumbani, habari za duka? Na mama je, goti limetulia? Mimi mzima, isipokuwa hii pua, na ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Unajua kazi yangu ni kupokea simu. Kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi, watu nisiowajua wananiambia, "Pole na mafua, dada." Sina mafua, baba. Tundu la kushoto halipitishi hewa, basi. Naamka kinywa kikavu, shingo inauma. Na sitakuficha, hata ilivyokaa siipendi. Nikijitazama kwenye kioo naona pua inayochungulia bega la kulia.

Nimeonana na daktari wa pua. Tarehe ishirini mwezi huu ataninyooshea ukuta wa ndani pamoja na mfupa wa juu. Nitalazwa kwa dawa ya usingizi, nitakaa na plasta ngumu siku saba, na macho yatavimba kabla ya kupona. Umbo lenyewe, anasema, nisilihukumu mpaka mwaka uishe, kwa sababu uvimbe hushuka polepole.

Aliniuliza kama niliwahi kuumia pua utotoni. Nikamwambia sikumbuki. Niliwahi?

Nipe baraka zako.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima. Goti la mama yako limetulia, aliyevurugika ni mimi.

Baraka? Unakwenda kukatwa uso halafu unaniomba baraka? Hiyo pua si yako peke yako. Ni ya bibi yako, mama yangu mzazi, akanipa mimi, nami nikakupa wewe. Nimekaa dukani miaka thelathini na minne nikiwavisha watu miwani. Nimeshika pua za mahakimu na za wauza mkaa, na sijaona inayobeba miwani vizuri kama yako. Leo anatokea mtu na kisu chake anasema ina kasoro! Mafua, mafua. Wakikupa pole, pokea pole yao uwaunganishie simu zao. Nani amekufa kwa kupewa pole?

Na kuumia, hukuumia. Hukuanguka, hukugongwa, hukupigwa. Huyo daktari anatafuta kisingizio cha kupasua watu, mwambie baba yako kasema.

Sitaki kuzisikia tena habari hizi.

Baba yako


27 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Ulisema hutaki kusikia. Basi soma.

Imeshafanyika. Nilihesabu mpaka nne nikapotea, nikazinduka nikiwa nimejazwa pamba matundu yote mawili. Hakuna aliyeniambia kwamba kumeza mate pua ikiwa imezibwa ni kazi ya kutoa jasho. Siku ya tatu macho yalikuwa ya zambarau, nikafungua moja tu kwa shida. Nimelala wiki nzima nimeegemea mito mitatu, kama mgeni anayesubiri kuitwa. Kupenga marufuku. Kuinama marufuku. Nikitaka kupiga chafya nafungua mdomo wazi. Leo wametoa plasta. Ncha ya pua haina hisia, meno ya mbele nayo yamekufa ganzi, na uso niliouona si wangu wala wa mtu mwingine. Wanasema utarudi.

Na miwani siruhusiwi wiki sita, maana mfupa bado mbichi. Wewe unajua macho yangu yalivyo. Jana nimetia chumvi kwenye chai.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Daktari amesema mfupa ulivunjika zamani, nikiwa mtoto mdogo kabisa, ukajiunga wenyewe ukiwa umepinda. Ameuona kwa macho yake. Kwa hiyo kuna mtu anakosea, ama yeye ama wewe. Nakuuliza mara ya pili, baba. Niliwahi kuumia?

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Madaktari husema mengi, na mifupa haiandikwi tarehe. Nimeshakujibu.

Kuhusu macho. Chukua huu utepe uliomo ndani ya bahasha, ni ule usioumiza ngozi. Zungushia katikati ya fremu, kisha ncha ya juu bandika kwenye paji la uso, ili miwani ining'inie bila kugusa pua kabisa. Nimeshawafanyia watu wawili waliopasuliwa. Utachekesha, lakini utaona chumvi ni ipi.

Usilale kifudifudi. Usibebe ndoo.

Baba yako


8 Mei

Baba,

Sikuamkii leo. Nitakuamkia nikipoa.

Juzi nimeruhusiwa kuvaa miwani. Nikavaa ile uliyonitengenezea mwaka jana. Kioo kimoja kikapanda kwenye nyusi, kingine kikalala shavuni. Nikadhani daktari ameniharibu. Nimelia, baba, na kulia kwenyewe kunauma. Nikaenda kwa fundi wa miwani wa huku. Akaigeuzageuza, akacheka, akasema, "Dada, pua yako imenyooka kabisa. Iliyopindishwa ni hii miwani." Akanionyesha vile viplastiki viwili vinavyokaa puani. Cha kulia kiko sawa. Cha kushoto kimekunjwa ndani na chini. "Haya si makosa," akasema. "Fundi aliyeitengeneza aliijua pua yako kuliko wewe."

Nikarudi nyumbani nikamwaga droo. Nimekuta miwani yangu minne ya zamani, pamoja na ile ya waridi niliyovaa darasa la pili. Yote kiplastiki cha kushoto kimekunjwa hivyohivyo. Kila mwaka ulikaa mbele yangu, ukanishika kidevu, ukakunja, ukapima, ukakunja tena, na hukusema neno.

Nikatoa na picha ya bibi. Pua yake ni kubwa, sawa. Lakini imenyooka kama rula.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia wateja mbele yangu? "Tazameni, pua ya mama yangu hiyo!" Nikawa naona haya kuichukia kwa sababu ni ya marehemu. Nilipokuwa na miaka kumi na tatu nilikwenda kaburini kwake kumwomba radhi, kwa sababu nilitamani kuwa na pua nyingine. Umenifanya nimwombe marehemu msamaha kwa kosa lako!

Nakurudishia miwani yako. Ukiwa na uongo mwingine, baki nao.

Mwenye pua


16 Mei

Mwanangu,

Sikuulizi hali, najua ilivyo.

Ulikuwa na miaka mitatu na nusu. Mama yako alikuwa amekwenda kwao wiki mbili kumuuguza mama yake. Aliniachia neno moja, nisikupeleke dukani. Alisema, "Wewe ukishashika fremu humwoni mtoto." Nikabisha, tukakorofishana hata kuagana hatukuagana vizuri. Kesho yake tu nikakupeleka.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeusafisha mlango wa kioo mpaka haukuonekana. Nikajisifu. Ulikuwa nje unacheza na makasha, nikakuita nikuonyeshe kitu. Ukaja mbio unacheka. Hukuuona mlango.

Ningekukimbiza hospitali. Ilikuwa mitaa miwili tu. Lakini ningemwambia nini mama yako? Nikakukalisha juu ya meza ya kazi, nikaishika pua kwa vidole gumba viwili, nikainyoosha kama ninavyonyoosha fremu. Nilisikia ikilia. Nilijiambia mikono hii haijawahi kushindwa na kitu kilichopinda. Mama yako aliporudi, uvimbe ulikuwa umeshuka. Akasema, "Mbona pua yake kama imegeuka?" Nikamjibu, "Ndiyo pua ya mama yangu hiyo, inaanza kujitokeza." Siku hiyo ndiyo niliyaanza maneno yale. Nikayasema mpaka kuna nyakati niliyaamini.

Uliwahi kuniuliza kwa nini mlango wa duka una utepe mwekundu chini ya kiuno, nikakwambia ni pambo. Ulikuwa usawa wa macho yako.

Nilipokukataza usipasuliwe, sikuwa naitetea pua. Niliogopa daktari ataona. Hasira yote ile niliyokuandikia ilikuwa woga.

Nimekinyoosha kiplastiki cha kushoto. Kazi ya dakika mbili. Miwani imo humu.

Baba yako


20 Juni

Mwanangu,

Wiki tano sasa, kimya. Mama yako nimemweleza yote. Hasemi nami. Akitaka nisogee anamwambia paka, "Mwambie huyo asogee." Chakula ananipa, nacho anakiweka kwa kishindo. Ana haki.

Miwani ilifika? Naogopa umekaa huoni. Nijibu hata kwa tusi.

Baba yako


9 Julai

Baba, shikamoo.

Mama nimempata kwa simu, nimemwambia nipo upande wake. Mwambie paka pia.

Miwani ilifika tangu mwezi wa tano. Niliitupa kwenye droo nikanunua nyingine ya hapa mtaani, inanikata masikio. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kila mara nikifika pale uliposikia mfupa ukilia, naiweka chini naenda kuosha vyombo. Nimeosha hata visivyotumika. Miaka mitatu na nusu, baba! Nilikuja mbio kwa sababu wewe uliniita.

Jumatatu kazini nimepokea simu tangu asubuhi mpaka saa tisa, na hakuna aliyenipa pole ya mafua. Hata mmoja. Nikataka nimwambie mtu, na mtu niliyetaka kumwambia ni wewe. Hilo limenikasirisha kuliko yote.

Basi nikaitoa miwani yako, nikaivaa. Vioo viko sawa sasa, lakini inateleza. Umekisia, kwa sababu pua hii hujawahi kuiona. Yule fundi wa huku alishaichukua mkononi aikaze, nikamnyang'anya mbele za watu.

Njoo Jumamosi, mje wote wawili. Hasira zangu bado zipo nyingi, na safari hii sitaziandika, nitakwambia usoni na mama akisikia. Utakaa uzimalize. Ukishazimaliza, tutanywa chai, halafu utanitengenezea miwani yangu. Njoo na lile koleo lako dogo.

Utashika miwani tu. Pua usiiguse.

Mwanao