Kidude cha Kupigia Gita Lako

Kaka yangu,

Huku wazima, ila mimi sikai nikatulia. Tangu Baba akukataze gita ukaondoka kwa hasira, nalipiga mimi, kwa kipande chembamba nilichokata kwenye kifuniko cha ndoo, asisikie. Kinapinda, sauti haitoki. Nakitupa, nakiokota. Kile chako kinene nakiogopa. Ukigusa uzi nacho, nyumba nzima inajua.

Jana Baba akasimama mlangoni. Nikajua nimekwisha.

"Hicho kinakwaruza tu," akasema. "Chukua cha kaka yako."

Nikapiga kwa pupa, uzi ukakatika. Hakufoka. Aliketi kwenye kitanda chako, akachukua kile kidude chako, akakigeuzageuza kiganjani.

"Yeye alikuwa anakishikaje?"

Sijui, Kaka. Njoo umwonyeshe.

Mdogo wako, vidole vinaniuma