Bila Theluji, Hakuna Nanabush

Jumatatu, 28 Oktoba 2019
Bango limebandikwa kwenye ukumbi wa kijiji: Jumamosi saa nane mchana, mimi nasoma hadithi zangu za Nanabush, yule mjanja wa ngano zetu sisi wenyeji wa asili wa huku. Mara ya kwanza nyumbani! Toronto walinisikiliza kama wako matangani, hakucheka mtu. Mama mmoja akaniuliza mnyama wa roho yangu ni yupi. Nikamwambia kuku wa kukaanga. Akaandika kwenye daftari.

Jumanne, 29 Oktoba
Shangazi Verna kaja na sufuria ya supu — dalili mbaya. Eti kule Toronto nilisoma lini? Julai, nikasema. Akaweka mwiko chini. Nanabush husimuliwa theluji ikiwa imetanda, hata mtoto anajua.
“Vitabu vyote hivyo umesoma, mwanangu, dirishani hukuchungulia?”
Nikajitetea kwamba tarehe walipanga wao. Uongo. Nilisahau. Nilipiga picha na kila mtu, nikasahau. Naona haya. Jumamosi atakuja, kasema, ila nikifungua hizo kurasa ardhi ikiwa kavu, anatoka. Na akitoka yeye, ukumbi mzima unamfuata.

Alhamisi, 31 Oktoba
Jua! Mwishoni mwa Oktoba! Binamu Delmer kajitolea kukwangua barafu ya friza yake akaimwage mlangoni pa ukumbi. Dukani sasa naitwa Bi Julai. Hata padri kaniita hivyo.

Ijumaa, 1 Novemba
Mawingu. Basi.

Jumamosi, 2 Novemba — ukumbini, naandika upande wa nyuma wa bango
Watu tele. Shangazi safu ya mbele, koti hajalivua. Nje chembe za theluji zinaanguka, zikigusa chini zinayeyuka. Kurasa sikuzifungua. Nikawasimulia Toronto yangu, na Julai yangu, bila kujipendelea. Walivyocheka! Delmer kalazimika kushika ukuta. Kicheko hiki nimekitamani miaka. Lakini walikuja kumsikiliza Nanabush, na kurasa bado nimezifunga.
Shangazi kainuka. Katoka nje. Tumejazana dirishani: kainama, anapapasa nyasi kwa kiganja.
Karudi. “Bado,” kasema.
Nikafikiri ndiyo kwaheri. Kumbe anavua koti. Kaomba chai, akamwambia Delmer amsogezee kiti karibu na dirisha, aingoje theluji itande. Wengine nao wanasogeza vyao. Hajaondoka mtu.