Nyumba niliuzisha Naviundu, na ule anabakia ndani

Lubumbashi, ku Luano

Kwako dada yangu mudogo Sifa, kule Moba,

Miye kaka yako niko na myaka makumi munane na tatu. Nilishinda vita, nilishinda shimo ya kuchimba shaba yenye ilikulaka benzangu. Banganga babili balisemaka nitakufwa: bote babili niliwazika. Na bibi yangu Feza, unajua, tulimuzikaka. Meno ningali nayo. Weye, magulu inakusumbua bado? Mihogo ilitoka muzuri?

Walikuambia niliuzisha nyumba ya Naviundu. Ni kweli. Niliijengaka na hii mikono, peke yangu, ata kama bwana yako anasema alisaidia. Sasa nakaa kwa binti yangu Furaha, pembeni ya kiwanja ya ndege, ndege zinapita juu ya sahani yangu.

Furaha akaniambia: «Baba, ukiuzisha nyumba, lazima utangaze ku buro ya kodi.» Nikaenda. Kijana wa buro akauliza: «Muzee, mule ulikaa weye, ao ulipangisha bantu?»

«Nilikaa miye. Miye si muntu wa kugawa choo na bapangaji.»

Akacheka. «Na sasa iko wazi?»

«Wazi. Lufungulo njo hii.»

Kiisha akaenda kuangalia na macho yake. Alirudia hacheki tena.

«Muzee, ulinidanganya. Mama moja iko mule, anafagia lupango, uwanja yote ya nyumba. Nilimusalimia. Akasema: bwana alitoka, umungojee, atarudia kula.»

«Anafanana namna gani?»

«Mufupi. Anafagia na mukono wa kushoto. Anakohoa kwanza, kiisha anasema.»

Sifa, ule kijana hakumujuaka Feza.

Nikaenda kesho yake, jua kali. Nikafungua. Hakuna muntu. Lupango ilifagiwa yote, mistari ya fagio ilikuwa ingali mipya. Mu jiko nikakuta sahani imefunikwa. Ndani, bukari, ugali yetu, na samaki, ingali inatoa moshi.

Unanijua. Nilikula. Samaki haikukuwa na chumvi, sawa vile alinipikiaka tangu dokta alinikatazaka.

Sasa buro haitaki kumaliza karatasi yangu: banasema muntu iko ndani. Na mwenye kununua anataka kuvunja jiko, ajenge butiki. Akivunja, Feza ataenda wapi?

Furaha ananigombeza: «Ulitangaza ku serikali, ulitangaza ku kanisa, mama haukumwambia!» Nilimujibu anyamaze. Lakini nilirudia, nikasimama mu jiko, nikasema: Feza, tuliuzisha, twende. Nilisikia tu fagio, nyuma ya nyumba.

Miye hanisikii. Kwetu, mwenye aliingiza bibi arusi mu nyumba njo anamutosha inje. Ni weye ulimushikaka mukono siku ile, ukamupatia mwiko. Ule mwiko nilikutumiaka kiisha maziko. Kuya nao, Sifa. Kuya mbele jiko haijavunjwa. Kwa Furaha chumba iko, na nilinunua fagio mupya.

Unisalimie bwana yako mwenye uongo, mama mukubwa asiyeona tena, na katekista mwenye alinifundishaka hii maandiko. Umwambie mukono ungali na nguvu.

Ni miye kaka yako, Muzee Kalunga.

Ukiwaza buzee unanidanganya, uliza kijana wa buro. Uliza jirani muuza mafuta, anamusalimia Feza kila asubui, aliwaza tulimuzika muntu mwingine. Uliza Furaha: nilimuletea ile sahani, akaishika, ilikuwa ingali moto. Na ukifika, uliza Feza mwenyewe. Utamukuta nyuma ya nyumba.