Namba Tano Aliyebana Mikono

Kaka Sudi,

Walikuzika bila mimi. Baba na wanaume wengine waliondoka na jeneza, nasi wanawake tukabaki nyumbani, huku ughaibuni Barking, na misahafu yetu, ndiyo desturi. Sikukuaga. Nilibaki na kiwiko tu, kile cha namba tano wa timu pinzani, kilichokupiga kwenye panja mlipogombea mpira wa kichwa. Refa hakupuliza hata filimbi. Ukainuka, ukaniona nalia, ukacheka: "Zuhura, hii ligi ya mafundi bomba, si ya mabibi harusi." Ukamaliza mechi. Ukala wali wako. Asubuhi mama akakuita, akakuita.

Jumamosi timu ile ilikuja kwetu, mechi ya mwisho ya msimu. Nilimwambia mama nakwenda maktaba. Nikasimama palepale pangu, kwenye uzio nyuma ya goli. Nahodha wenu, Dave, akanijia na kitambaa cheusi cha msiba mkononi. "Dada wa Sudi, leo yule namba tano hatoki hapa kwa miguu yake."

Nikamjibu, "Mvunjeni."

Nilimaanisha, kaka. Nilitaka nisikie mfupa.

Walianza mapema. Dave alimkanyaga kifundo. Mwingine akampiga kichwa puani, damu ikachuruzika hadi kwenye kaptula nyeupe. Watu wakaimba jina lako. Nami nikaimba mpaka sauti ikanikauka.

Kisha nikaona. Kila akiruka, mikono yake imebana mbavuni, kama maiti ndani ya sanda. Hajikingi. Anapigwa, anaanguka, anainuka, anaruka vilevile. Wewe ulinifundisha uani: "Ukiruka, mikono mbele, ama utakufa." Huyu anaviogopa viwiko vyake mwenyewe.

Kona ikapigwa. Dave akaja mbio kutoka nyuma yake. Nikapiga ukelele, "Inua mikono! Inua mikono, wee!" Kwa Kiswahili. Nani angenielewa?

Mfupa nikausikia. Sauti ni ileile, kaka, niliyoisikia ulipopigwa wewe.

Alianguka karibu na uzio, taya limekwenda upande, akanitazama. Hakunijua.

Sijamsamehe, usidhani. Lakini wakirudi msimu ujao, nitamwambia Dave kabla ya filimbi, kwa Kiingereza safi: mwacheni. Jina lako lisiimbwe tena juu ya damu.

Na kaburini kwako nitakuja, Baba apende asipende. Nitaweka mkono juu ya udongo, nikuage mwenyewe.

Lala, kaka yangu.

Zuhura